Gari la theluji hukaguliwa kuanzia chini

Mtu anayehamia milimani, kwenye barabara zinazolala chini ya theluji miezi minne au mitano kwa mwaka, huwa na swali moja la kwanza: ninunue 4WD gani, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne? Swali hilo linakuja mapema mno. Gari dogo linalovuta kwa magurudumu ya mbele, kama Toyota Corolla au Honda Fit, likivishwa matairi mazuri ya baridi, linaweza kuupanda mlima ambao 4WD yenye matairi ya kiangazi inabaki inazungusha magurudumu pale chini. Kwenye mteremko tofauti ni kubwa zaidi. Breki zipo kwenye magurudumu yote manne ya kila gari, kwa hiyo 4WD haikuongezei chochote unapotaka kusimama. Kinachokusimamisha ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja.

Kwa hiyo gari la bei nafuu la kuishi nalo kwenye theluji likague kuanzia chini kwenda juu: matairi, kisha kutu, kisha mfumo wa kuvuta, kisha injini, halafu hita. Rangi na redio vitasubiri.

Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata barabara ikiwa kavu kabisa. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na kila jino lake limechanjwa mikato mingi myembamba inayoing'ang'ania theluji. Utalitambua kwa alama iliyo ubavuni: mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo maana yake tairi limejaribiwa kwenye theluji likafaulu. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake hazitoshi, kwa sababu zinaweza kuandikwa kwa kuangalia umbo la meno tu bila jaribio lolote. Muuzaji akikwambia matairi yake ni ya misimu yote, chuchumaa uitafute hiyo milima mitatu. Isipokuwepo, hesabu kwamba unanunua gari lisilo na matairi.

Ukiwa umechuchumaa hapo hapo, soma umri. Mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la baridi likipita miaka sita hivi huwa limekakamaa, hata kama meno bado ni marefu na linapendeza kwa macho. Likandamize kwa ukucha. Mpira hai hubonyea kidogo ukarudi. Mpira mfu unausukuma ukucha wako kama ubao. Kina cha meno nacho kipime. Tairi jipya la baridi huwa na mm 8 hadi 9. Nchi nyingi sheria inaruhusu hadi mm 1.6, lakini kwa theluji hiyo ni ruhusa ya kwenda mtaroni. Likifika mm 4, msimu unaofuata tafuta mengine.

Na yawe manne, ya aina moja. Kuna watu wanaobana matumizi kwa kufunga mawili tu mbele, kwa hoja kwamba ndiyo yanayovuta. Matokeo yake mbele panashika na nyuma panateleza, na kwenye kona ya mteremko mkia wa gari unataka kutangulia. Heri matairi manne ya wastani kuliko mawili bora na mawili vipara.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii ni ukubwa wa rimu. Rimu za inchi 18 zinapendeza kwenye picha, ila tairi lake ni pana, ubavu ni mfupi, na bei iko juu. Tairi pana huelea juu ya theluji laini, wakati tairi jembamba huikata likashuka kutafuta chini pagumu. Ubavu mrefu nao hustahimili mashimo ambayo barafu huyaacha barabarani kila inapoyeyuka. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye saizi iliyofungwa kiwandani, na kitabu cha gari hutaja saizi nyingine zinazokubalika. Ukikuta matoleo mawili ya gari lile lile, la kawaida lenye rimu za 15 au 16 na la kifahari lenye 18, chukua la kawaida bila kusita. Ushauri wangu ni kutenga sehemu moja ya tano ya fedha zako zote kabla hujaanza kutafuta gari, kwa ajili ya matairi, betri, kulanti (kimiminika cha kupoozea injini) na oili zote. Anayemaliza fedha kwenye gari lenyewe hukutwa na theluji ya kwanza akiwa bado na matairi aliyoachiwa.

Sasa kutu. Ikiwa kuna sehemu moja ya ukaguzi usiyopaswa kuifanya haraka, ni hii. Barabara za milimani humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na yale maji ya chumvi huingia kila upenyo wa chini ya gari na kukaa humo. Injini iliyochoka inarekebishika. Bodi iliyooza hairekebishiki kwa gharama yenye akili, na hapo ndipo magari mengi ya theluji yanapoishia, injini ikiwa bado inanguruma vizuri.

Chukua tochi, bisibisi na sumaku uliyoifunga kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Gari lipandishwe juu kwa fundi, au walau lala chini pembeni yake. Anza na viunzi vya chini ya milango. Gonga kwa mpini wa bisibisi, kidogo kidogo, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na fupi. Ukifika palipooza sauti inabadilika ghafla, inakuwa butu kama unagonga boksi lenye maji, na vipande vinaanza kudondoka. Kutu ya juu juu ni unga wa kahawia unaofutika na kuacha chuma kigumu chini yake, hiyo isikutishe. Kutu ya kuogopa imevimba na kujipanga matabaka kama magome ya mti, na ukiichokonoa kwa bisibisi inabanduka. Pitisha sumaku kwenye kingo za matao ya magurudumu ya nyuma. Isiponata, chini ya rangi kuna lipu, si bati. Kisha fungua boneti utazame vichwa vya shokapu za mbele zinaposhika bodi, na nyuma utazame mahali mikono ya suspensheni inapofungwa.

Mabomba ya breki yape dakika zake. Ni vijibomba vyembamba vya chuma vinavyotoka mbele hadi nyuma, na mara nyingi havianzi kuoza pale unapoviona vizuri. Huozea chini ya vibanio vya plastiki vinavyovishikilia, kwa sababu hapo ndipo tope lenye chumvi linapotuama. Mulika kila kibanio. Ukiona unyevu, usiliendeshe gari hilo hata kwa majaribio. Jaribio jingine ni kukaa kwenye usukani injini ikiwa imewashwa, kukanyaga breki kwa nguvu na kuishikilia nusu dakika. Pedali ikizama polepole kuelekea sakafuni, mfumo unavuja mahali fulani, au master silinda, pampu kuu ya breki, imekufa.

Ukikuta chini kote kumepakwa lami nyeusi mpya inayong'aa, usifurahi. Kinga ya kutu hufaa zaidi ikiwekwa gari likiwa jipya. Ikiwekwa wiki ya kuuza, mara nyingi inaficha. Sukuma ncha ya bisibisi hapo, ukiwa umemwomba muuzaji ruhusa. Akikataa, umeshapata jibu. Magari yenye chesisi ya peke yake, kama pikapu, yanahitaji umulike hadi ndani ya chesisi kupitia matundu yake, maana huoza kutokea ndani. Toyota, pamoja na sifa zake zote, ililazimika kubadilisha chesisi za Tacoma nyingi kule Marekani kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana, nikiwekewa mbele gari la km 250,000 lililoishi sehemu kavu isiyo na chumvi na la km 90,000 lililokulia kwenye chumvi, nachukua lile la 250,000.

Chini kukiwa salama, sasa tuzungumze magurudumu manne. Mifumo iko ya namna tatu. Wa kwanza ni wa kudumu: magurudumu yote yanavuta muda wote. Subaru nyingi ziko hivi, na Suzuki Grand Vitara ya 2005 hadi 2015 pia, tena ikiwa na gia nzito za kupandia. Wa pili husubiri: gari linavuta mbele, na mbele pakianza kuteleza nguvu inapelekwa nyuma. Hapa zipo Honda CR-V na Toyota RAV4 ya kuanzia 2006, ambayo ina kitufe cha kufunga mfumo kwa mwendo mdogo. Fiat Panda 4x4 nayo imo kundi hili kwa toleo lake la pili. Ni nyepesi na ina tairi jembamba, na si ajabu imependwa sana kwenye vijiji vya milima ya Alps. Wa tatu ni ule wa kuingiza mwenyewe, kama Suzuki Jimny. Huo ni imara, lakini ukiingizwa ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, na kwenye lami kavu zinashindana kila kona hadi kitu kivunjike. Barabara ya mlimani mara nyingi ni lami kavu mita mia mbili, barafu hamsini, lami tena. Kwa maisha ya kila siku, wa kudumu au wa kusubiri unafaa zaidi. Jimny ni ya mtu ambaye njia ya nyumbani kwake ni mwinuko usiosafishwa.

Mfumo huu una jaribio lake, na halihitaji kifaa chochote. Endesha hadi gari lipate moto vizuri, tafuta uwanja mtupu wa lami, kata usukani hadi mwisho, uachie gari lizunguke kwa mwendo wa mtu anayetembea. Zungusha kulia, kisha kushoto. Gari zima huzunguka kimya. Gari bovu utahisi kama breki ya mkono imeachwa juu: linasita, linarukaruka kwa vishindo vidogo, ukiachia mafuta linasimama badala ya kuserereka. Maana yake klachi au difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, imenata, na chanzo cha kawaida ni matairi yasiyolingana. Subaru inataka mzingo wa matairi usitofautiane zaidi ya mm 6. Tairi moja jipya likifungwa na matatu yaliyochakaa, difu ya kati haipumziki hata barabara iliyonyooka. Kwa hiyo pima meno ya yote manne; tofauti ikizidi mm 1 hivi, anza kuwa na wasiwasi.

CR-V za zamani zikiguna na kutetemeka nyuma wakati wa kona, mara nyingi ni oili ya difu ya nyuma iliyochakaa. Oili yake ni maalumu, ya Honda ya mfumo wa pampu mbili, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Hilo ni la kupunguziwa bei, si la kukimbia. Magari ya Ulaya yenye mfumo wa Haldex, ambao nao ni wa kusubiri, kama Škoda Octavia 4x4 na Volvo XC70, yanataka oili na chujio la mfumo huo vibadilishwe kwa ratiba. Isipofanyika, pampu inaziba na gari linageuka kuwa la kuvuta mbele tu, mara nyingine bila taa yoyote kuwaka. Ondoka kwa nguvu kwenye nyasi zilizolowa huku mtu amesimama pembeni akitazama kama magurudumu ya nyuma yanavuta.

Kimo cha gari kutoka ardhini kinategemea barabara yako. Theluji ikizidi kimo hicho, inajishindilia chini ya tumbo la gari na kuyanyanyua magurudumu, na hapo hata 4WD haina cha kukanyaga. Kama njia haisafishwi mapema asubuhi, tafuta cm 20 au zaidi. Inayosafishwa kila siku, cm 15 zinatosha. Kuhusu mwaka wa gari, ningependa liwe na mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza kwenye kona. Marekani uliwekwa kuwa lazima kwa magari ya kuanzia 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Ya nyuma ya hapo baadhi yanao, mengine hayana. Jua pia kitufe cha kuzima udhibiti wa utelezi kiko wapi. Ukikwama, kompyuta inakata nguvu kila gurudumu linapozunguka bure, na unaweza kukaa hapo huku injini ikikataa kukusaidia.

Kwenye injini, sharti la kwanza ni kuikuta baridi. Weka kiganja kwenye boneti kabla hujasalimiana sana. Ikiwa na joto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, kwa sababu injini iliyopashwa inaficha kelele, moshi na ugumu wa kuwaka. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta ute mweupe kama mtindi, usihukumu hapo hapo: sehemu za baridi, gari la safari fupi hukusanya mvuke pale juu. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenyewe ikiwa safi, na tangi la kulanti halina mafuta yanayoelea, huenda injini ni nzima. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, achana nalo.

Subaru zina sifa kubwa milimani na zinaistahili, lakini injini ya lita 2.5 ya familia ya EJ, ile ya miaka ya mwisho ya 1990 hadi karibu 2011, ina udhaifu unaojulikana wa gasketi za silinda hedi. Silinda zake zimelala, hivyo tazama kwa chini, kulia na kushoto, pale hedi inapokutana na bloku. Ukiona oili au madoa ya kulanti yaliyokauka, gharama imeshaanza. Injini hiyo hutumia mkanda wa taimingi, na mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni. Bila risiti ya kubadilisha, hesabu kwamba haujabadilishwa, na ubadilishe pamoja na roli zake, kikazio na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja. Honda CR-V za kuanzia 2002 zina cheni. RAV4 za 2006 hadi 2008 zenye injini ya 2.4 nazo zina cheni, ila nyingi zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Kijiti kikiwa chini ya alama, uliza oili iliongezwa lini.

Kumbuka pia kwamba injini isiyo na tabo, ile pampu inayosukumia hewa ndani ya injini, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Injini ya lita moja inayotosha tambarare itakuwa inahema huko juu ikiwa na watu wanne. Petroli ya 1.8 hadi 2.5 bila tabo ndiyo ninayoiamini kwa gari la bei nafuu. Dizeli ya zamani ina mambo mengi kwenye baridi: mafuta yasiyo ya msimu huganda nta, plagi za kupashia joto huchoka, na chujio la moshi huziba kwa safari fupi.

Hita nayo ni kifaa cha usalama. Kioo kisipoyeyuka barafu, huoni. Washa gari likiwa baridi, uendeshe: ndani ya dakika kumi hivi mshale wa joto uwe umefika katikati. Kisha teremka mlima mrefu. Mshale ukishuka wakati wa kuteremka, thamostati, vali inayosimamia joto la kulanti, imebaki wazi. Ni kipuri kidogo, kibadilishe. Injini ikiwa ya moto lakini hita inapuliza baridi, kulanti imepungua au rejeta ndogo ya hita imeziba. Harufu tamu ndani na utando wa mafuta kwenye kioo ni dalili kwamba rejeta hiyo inavuja, na kuifikia mara nyingi ni kushusha dashibodi nzima. Jaribu AC hata kama kuna theluji nje, kwa kuwa ndiyo inayokausha hewa na kuondoa ukungu kwenye vioo.

Gari linalotoka sehemu za joto linaweza kuwa na maji matupu kwenye rejeta. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua bloku usiku mmoja. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kulanti na maji yaliyosafishwa, unakulinda hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Usimwage kulanti tupu ukidhani unaongeza kinga: ikiwa peke yake huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri. Oili iwe 0W au 5W, yaani inayobaki nyepesi kwenye baridi, kama kitabu kinavyotaka. 20W-50 kwenye asubuhi ya namna hiyo inakuwa kama asali iliyoganda. Betri nayo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa karibu nusu tu ya nguvu zake, wakati injini inahitaji nguvu nyingi zaidi kuzunguka. Gari likiwa limelala usiku kucha betri isome volti 12.6; ikiwa 12.4 inahitaji chaji. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Betri iliyopita miaka mitano ibadilishe kabla ya baridi.

Ukishalileta nyumbani, usiegeshe kwa breki ya mkono wakati wa baridi kali mahali palipo tambarare, kwa sababu kebo iliyoingia maji huganda na magurudumu ya nyuma yanagoma. Tumia P kwa gari la otomatiki, au gia ya kwanza kwa la manyuali. Maji ya waipa yawe ya kustahimili nyuzi 30 chini ya sifuri. Na kabla ya kununua minyororo ya matairi, soma kitabu cha gari: baadhi ya saizi za tairi haziruhusiwi minyororo kwa sababu nafasi kati ya tairi na shokapu haitoshi, na kitabu ndicho kinachosema ifungwe ekseli ipi. Kwa gari la kuvuta mbele ni mbele. Ifunge mara ya kwanza mchana, mahali pakavu, ukiwa umevaa glovu zile zile utakazovaa usiku wa theluji. Endesha mita mia moja, simama, uikaze tena.